Gramu Nilizoongeza

Baba yangu hakuwahi kumwambia mtu ana ngamia wangapi. Huko Hadado nilikokulia, maafisa wa chanjo walikuja na madaftari yao wakauliza, naye akatazama mbali kana kwamba mifugo ni ya mtu mwingine, akasema, "Wachache tu. Mungu ndiye anayejua." Walipoondoka alinigeukia. "Mali ikishatajwa hesabu, jicho la hasidi limeshajua pa kuanzia kula." Jioni alisimama kwenye lango la boma la miiba, akawaacha wapite mmoja mmoja huku akiwaita kwa majina. Jina lililokosa mwenyewe ndilo alilokwenda kulitafuta.

Ukame ukaja ukawamaliza wale wenye majina, nami nikapelekwa kwa mjomba Garissa kusoma. Nilimaliza kidato cha nne. Sikurudi kuchunga, na kukaa mahali pamoja pia kulinishinda. Nikawa dalali wa mifugo, mtu wa leo Garissa, kesho Wajir, mtondo ukiniuliza huenda nisiwe na jibu. Kila mji nilioufikia nilitafuta ndani yake harufu ya boma la baba, na nilipoikosa niliondoka.

Kazi ya dalali ni kusoma hesabu iliyo nyuma ya hesabu. Mwenye mali akisema ana kondoo thelathini, wewe unatazama vumbi, unatazama samadi, unatazama jinsi macho yake yanavyokwepa, kisha unajua ni arobaini na tano. Hapo hakuna aliyedanganya. Yeye anaficha kwa kumcha Mungu, wewe unaongeza kwa kumheshimu, mnakunywa chai. Ustadi huo niliujivunia kuliko cheti changu cha shule.

Nimeanza na hayo kwa sababu bila hayo mtu hawezi kuelewa nilichomfanyia binti yangu.

Alizaliwa Garissa, mimba ikiwa haijatimiza miezi minane. Nilipomwona mara ya kwanza ndani ya sanduku la kioo lenye joto, nilidhani wamenionyesha mkono wa mtu mzima uliolala. Masikio yalikuwa kama karatasi iliyolowa. Sista wa wodi ile, mwanamke mnene kutoka Ukambani, aliyecheka kwa urahisi na kukasirika kwa urahisi zaidi, aliniuliza nina simu gani. Nikamwonyesha. Mke wangu alikuwa na kabambe, ile ya vitufe.

"Basi wewe ndiye utakayekuwa mama wa simu," alisema. "Lete."

Akaniwekea programu ya wazazi wa watoto njiti. Ilikuwa na Kiswahili na Kiingereza. Mke wangu na mama yake walizungumza Kisomali, na Kiswahili cha sokoni tu, kwa hiyo kila kilichoandikwa mle kilipita kwangu kwanza. Siwezi kuisema vibaya programu ile. Ilinieleza mrija ule wa puani ni wa nini, ambao niliona haya kuuliza. Ilinifundisha kuosha mikono mpaka kwenye viwiko. Ilinionyesha, kwa picha, baba akiwa amevua shati na mtoto amelazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa leso.

Nilifanya hivyo kila alasiri. Baba wengine waliokuwa wakisubiri kwenye benchi la nje walinichungulia dirishani.

"Waryaa," mmoja aliniita, mfanyabiashara wa vipuri niliyemjua sokoni, "umekuwa kuku? Unaatamia?"

"Acha nimwangue kwanza," nikamjibu, "halafu nitakuja nikuangue na wewe."

Walicheka. Siku mbili baadaye nilimkuta yule wa vipuri ndani, kifua wazi, mtoto wake wa kiume juu yake, macho ameyafumba kama mtu anayeswali. Mimi nilikuwa namkumbuka baba akirudi malishoni na ndama wa ngamia aliyezaliwa siku hiyo, amemkumbatia kifuani, damu ya uzazi imemkaukia kwenye shuka. Nilihisi moyo wa binti yangu ukigonga juu ya wangu, haraka haraka, kama anayekimbia kuja. Sijawahi kutulia mahali kama nilivyotulia kwenye kile kiti cha plastiki.

Baada ya wiki tatu alitolewa mrija, akaanza kunyonya mwenyewe. Sista akasema tunaweza kwenda nyumbani, ila karibu. Mama mkwe akasema nyumbani ni kwake, Tarbaj. Mwanamke aliyejifungua hukaa arobaini kwa mama yake, ndani, hatoki. Arobaini hiyo aliianza kuihesabu siku ile ya kutoka hospitali. "Kabla ya leo hakuwa amezaliwa," alisema. "Alikuwa amehamishwa tumbo tu."

Sista hakulipenda jambo hilo. Alisimama mlangoni na mikono kiunoni. "Tarbaj! Baba, unajua ni mbali kiasi gani?"

"Mimi ndiye unayeniuliza umbali?" nikamwambia. Nilikuwa nimeipita barabara hiyo mara nyingi kuliko nilivyokwenda kwa kinyozi.

Akashusha pumzi, akaichukua simu yangu tena. Akanionyesha ukurasa wa uzito. Kila siku nipime, niandike. Anatakiwa kuongeza kama gramu ishirini na tano kwa siku. Akienda vizuri, jani lililochorwa juu ya ukurasa litakuwa kijani. Akisimama litakuwa manjano. Akishuka siku mbili, au sana kwa mara moja, litakuwa jekundu, na yeye sista ataliona jekundu hilo huko Garissa na atanipigia hata akiwa jikoni kwake. Akaandika pia namba ya mama mkwe kama namba ya pili. Kisha akanifungulia ukurasa mwingine, wa dalili za hatari, akanilazimisha nisome kwa sauti mbele yake kama mtoto wa darasa la pili. Mtoto kuwa baridi. Mtoto kulala kupita kiasi na kutoamka kunyonya. Nilisoma vizuri. Hilo ndilo linalonirudia, kwamba nilisoma vizuri.

Mama mkwe alikuwa na duka la sukari, mchele na majani ya chai, na juu ya kaunta yake ilikaa mizani ya betri yenye namba nyekundu. Ndiyo tuliyomtumia. Tuliweka beseni, tukarudisha namba kwenye sifuri, tukamlaza mtoto ndani yake amevikwa kitambaa chepesi, naye akakunja uso kwa hasira. Mama mkwe aligeukia ukutani kila namba ilipotokea.

"Unamwandikia nani?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Sista."

"Na sista anamwonyesha nani?"

"Hakuna, Hooyo. Ni ya mtoto tu."

"Kitu kikishaandikwa," alisema, "hakina tena mwenyewe."

Wiki hiyo moja niliandika kweli tupu. Siku ya saba alikuwa na gramu elfu moja mia tisa na sitini, na jani lilikuwa kijani. Siku hiyohiyo nilipigiwa simu kutoka Lafey kwamba kuna ng'ombe wanaokusanywa na wanahitaji dalali. Wangeweza kumpata mwingine. Nilijiambia ni kazi. Ukweli ni kwamba nyumba ya uzazi ilikuwa imejaa wanawake na moshi wa ubani, nami sikuwa na kiti mle, na miguu ilikuwa imeanza kunisumbua. Mke wangu hakunizuia. Alisema, "Nenda, lakini simu isizimike." Tukakubaliana kwamba kila siku baada ya alasiri mama yake atapima na kunitajia, nami nitaandika.

Siku ya kwanza Lafey, simu ililia nikiwa zizini.

"Elfu moja na mia tisa," alisema mama mkwe.

Nilitabasamu. Jana yake nilikuwa nimemwacha na elfu moja mia tisa na sitini, ananyonya, anakojoa, analia. Mtoto hapungui gramu sitini kwa siku moja bila sababu.

"Hooyo, ndiyo yenyewe?"

"Nimekuambia. Andika."

Nilimsikia baba kabisa katika sauti ile. Wachache tu, Mungu ndiye anayejua. Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Nikaongeza. Niliandika elfu moja mia tisa themanini na tano, yaani gramu ishirini na tano juu ya nilipomwacha, na jani likabaki kijani.

Baadaye, tulipokuwa na sababu ya kuulizana, alinieleza kwamba siku hiyo nilikuwa nimepatia hasa. Mizani ilisema hivyohivyo nilivyoandika. Yeye alikuwa amepunguza kiasi cha vijiko vichache vya sukari, kwa mkono wake uliozoea, ili jicho lisimwone mjukuu. Ningekosea siku ile ya kwanza huenda ningeshtuka. Kupatia ndiko kulikoniharibu.

Siku ya pili akataja namba iliyopanda kidogo, nami nikaongeza. Siku ya tatu ikashuka kidogo, nikaongeza. Nilimuuliza kama ananyonya. "Ananyonya, alhamdulillahi." Siku ya nne akasema elfu moja mia tisa na thelathini, na sauti yake ilikuwa kavu. Niliandika elfu mbili na sitini. Siku ya tano elfu moja mia nane na tisini. Nikajiambia, leo lazima amepata mgeni, jirani mwenye mdomo mtamu ameingia akasema mtoto amenona, sasa bibi ameogopa anaficha zaidi. Kadiri alivyoshuka ndivyo nilivyosikia kwamba mtoto ananenepa. Nilikuwa na hakika, kama nilivyo na hakika mbele ya zizi ambalo mwenyewe anakataa kuniangalia usoni.

Lafey mtandao huja na kuondoka. Uliporudi, programu ilituma namba zangu Garissa zote kwa pamoja, na jibu la sista likaja ndani yake: "Hongera baba. Mtoto anapanda vizuri. Msalimie mama." Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Kwenye kibanda cha chai niliwaonyesha wafanyabiashara mstari wa uzito wa binti yangu, jinsi unavyopanda kama barabara ya kwenda mlimani, katika nchi ambayo haina mlima.

"Sema mashallah, waryaa!" mzee mmoja aliniambia huku akiifunika skrini kwa kiganja. "Unaonyesha watu mtoto kama unayemnadi?"

Nikasema mashallah. Nikaiacha simu mezani bado inawaka.

Siku ya saba mama mkwe alisema, "Analala sana." Sikuuliza kitu. Kwetu mtoto anayelala sana ni mtoto anayekua. Mahali fulani ndani yangu sauti ya darasa la pili ilikuwa ikisoma kuhusu kutoamka kunyonya, lakini jani lilikuwa kijani, na jani hilo nilikuwa nimelipaka mwenyewe.

Siku ya tisa aliyenipigia alikuwa mke wangu. Mama yake hakuwahi kumpa simu wakati wa kupima. Nilisikia kelele nyuma yake, mlango wa gari, mwanamke akisoma dua.

"Nani umemwandika?" aliniuliza.

"Nini?"

"Sista amempigia mama kutupongeza. Amesema mtoto ana karibu kilo mbili na mia mbili. Mama akamwambia, sista, hapana, mtoto hii iko moja na mia saba, na hanyonyi tangu jana. Sista akapiga kelele. Nani huyo umemwandika? Yule si mtoto wangu."

Nikaanza kueleza. Nikasema nilidhani mama anaficha.

"Mizani inasema elfu moja mia saba na arobaini," alisema polepole, kila neno peke yake. "Nimeisoma mimi. Andika hiyo." Simu ikakatika.

Alikuwa ameivunja arobaini yake. Alipanda gari lililoleta miraa asubuhi, lililokuwa likirudi Wajir tupu, na madereva wa magari yale hawajui kwenda taratibu, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa hilo. Mimi sikupata gari mpaka kesho yake, lori la mbuzi. Nilikaa juu, na kabla mtandao haujapotea niliifungua programu nikaiandika namba aliyonipa. Mstari ukaanguka kutoka juu ya mlima wake mpaka chini kabisa, wima, kama kamba ya kisima iliyokatika. Jani likawa jekundu. Ilikuwa mara ya kwanza programu ile kuniambia ukweli tangu niondoke Tarbaj, na ilikuwa imechelewa kwa sababu mimi niliichelewesha.

Wodini Wajir binti yangu alikuwa na mrija tena. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu, daktari alisema, na njaa juu yake. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea kama nguo ya kuazima. Mke wangu alikuwa amemlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nilivyokuwa nimemsomea kwenye simu, na hakuinua macho. Mama mkwe alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Nikakaa karibu naye kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kunikubali.

Mama mkwe alisema, "Siku ya nne niliacha kuficha."

Akalaza viganja vyake magotini.

"Niliona miguu yake. Nikaogopa. Nikasema, jicho likitaka kula na lile, huyu mwanamume nimwambie kweli, ana sista kwenye simu. Siku ya nne nilikuambia kweli. Ya tano kweli. Ya sita kweli. Nikawa nasubiri useme, Hooyo, mbona anashuka? Hukusema."

"Nilidhani unaficha zaidi."

Akanigeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, na ningependa yangekuwa nayo. "Ulidhani nauza?" aliniuliza.

Tulikaa Wajir siku nyingi. Sista wa Garissa alinipigia mara moja. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini ambayo sikuijua kwake, "Baba, kwa nini?" Nikashindwa kumweleza habari za kondoo thelathini. Kisha alizungumza na mke wangu kupitia mama mkwe, na tangu siku hiyo simu yangu ilikaa kwa mke wangu. Hakujua kusoma Kiswahili vizuri. Alijifunza picha zilivyo, wapi pa kugusa, na namba kila mtu anazijua. Nilisikitika, na nikaona ni haki.

Aliishi. Nalisema wazi, ili msomaji asibaki ananingoja. Alifika kilo mbili na nusu, programu ikampongeza kwa picha ya puto, ikafunga ukurasa wa uzito. Alikaa kwa kuchelewa, akatambaa kwa kuchelewa. Alipoanza kutembea tuliona mguu wa kushoto unaburura, kisigino hakitaki kugusa chini. Nilimuuliza daktari kama ni zile siku tisa. Alisema huenda ni kuzaliwa mapema tu, watoto wengi wa aina yake huwa hivyo hata wakitunzwa vipi. Huenda ni siku zile. Hakuna kipimo cha kuyatenganisha. Mama mkwe anaamini ni macho ya wale wanywa chai wa Lafey. Mke wangu hajawahi kusema anachoamini. Mimi naijua hesabu yangu.

Mke wangu alinirudishia simu ile baadaye, na bado ninayo. Kioo kimepasuka, haishiki mtandao, lakini ukiichaji inawaka, na ule mstari unaonekana. Siku saba za kweli, nane za uongo, halafu kamba iliyokatika, kisha namba za mke wangu. Nimeitazama Garissa chini ya mti wa mkwaju wa gereji, nimeitazama Mandera, nimeitazama juu ya malori. Katika zile siku nane kuna mtoto mwingine aliyekuwa akikua, mnene, wa kijani kibichi, anayeongeza gramu ishirini na tano kila alasiri bila kukosa. Nilimlisha mimi. Sijui alikwenda wapi mstari ulipoanguka. Mara nyingine namwona. Katika mji nisioujua, msichana wa rika la binti yangu ananipita akikimbia, miguu yote miwili sawa, mashavu yamejaa, na kabla sijajizuia nimeshageuka kumfuata kwa macho. Baba angesimama langoni akaita jina lake akaenda kumtafuta. Mimi sikumpa jina. Nilimpa namba tu.

Siku hizi narudi nyumbani mara nyingi kuliko zamani, ingawa bado siku ya nne au ya tano naanza kutazama barabara. Mwezi uliopita tulikuwa Tarbaj. Binti yangu ana miaka sita. Bibi yake amenunua mizani kubwa ya sakafuni ya kupimia magunia, na mtoto akaikuta, akapanda juu yake mwenyewe, mguu mbaya akiuvuta kwa mkono.

"Aabo, njoo unisomee! Mimi ni ngapi?"

Duka lilikuwa na wateja watatu, wanawake wa mtaani, na mmoja wao nilimsikia akivuta pumzi ya kusema jambo. Nikasita. Mama mkwe akaweka chini kijiko chake cha sukari. Akainama, mikono magotini, mwanamke yuleyule aliyekuwa akigeukia ukutani, akaisoma namba kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Kumi na sita. Kumi na sita kamili, hakuna zaidi, hakuna pungufu." Kisha akanitazama mimi. "Umesikia?"

"Nimesikia, Hooyo."

Mtoto akashuka, akaenda zake nje akiburura kisigino kwenye vumbi, anaimba kumi na sita, kumi na sita. Nami nikabaki pale mbele ya mizani iliyorudi sifuri, na kabla sijajizuia, kichwani nilikuwa nimeshaongeza.